Uchambuzi wa kisa: lita zilizopokelewa zikasomeka zimekataliwa, chanzo ni jina la klasi

Kisa hiki ni cha kweli, nilikuwa mmoja wa waliokishughulikia. Nimeondoa jina la ushirika, mkoa, na kampuni iliyotengeneza apu, na klasi zenyewe nimezipa majina mengine ya Kiswahili ili iwe rahisi kufuatilia. Naandika hasa kwa wale wanaoanza Java au Kotlin wakauliza "nitajuaje jina la klasi ya objekti wakati programu inaendesha", wakajibiwa kwa mstari mmoja tu, `getClass().getName()` (kwenye Kotlin ni `javaClass.name`), wakaenda zao. Jibu lenyewe ni sahihi kabisa. Shida iko kwenye unachokwenda kulifanyia hilo jina baada ya kulipata.

Mazingira

Ushirika wa wafugaji una vituo vya kukusanyia maziwa, havizidi 20. Kila kituo kina karani na simu ya Android ya bei ya chini. Asubuhi mfugaji analeta keni, karani anapima kwa laktomita na kipimo cha spiriti, yakiwa mazuri anaandika lita kwenye daftari, kwenye kadi ya mfugaji na kwenye apu. Yakiwa mabaya anaandika yamekataliwa na sababu. Mtandao vituoni unakuja na kuondoka, kwa hiyo apu haitumi kitu papo hapo, kila rekodi inaingia kwenye foleni ndani ya simu (databesi ya kawaida ya SQLite tu), halafu jioni karani akibonyeza "Funga siku" ndio zote zinakwenda seva, na seva inamtumia kila mfugaji meseji ya lita zake.

Foleni ilikuwa na aina tatu za rekodi, zote zinarithi klasi mama moja inayoitwa `Tukio`: kuna `Mapokezi`, kuna `Makataa` (maziwa yaliyokataliwa), kuna `Marekebisho` pale karani anapokosea lita akataka kusahihisha. Kila klasi inajua yenyewe njia yake ya kwenda seva. Sasa kwa kuwa jedwali la foleni ni moja na klasi ni tatu, inabidi ukihifadhi uandike pia hii rekodi ni ya klasi gani, ili ukija kuisoma uirudishe kwenye umbo lake. Aliyeandika kodi hiyo alifanya hivi:

`foleni.setAina(tukio.getClass().getName());`

na wakati wa kusoma, inaitafuta klasi kwa jina hilo, halafu Gson, maktaba ya kusoma data ya JSON, inairudisha rekodi kwenye umbo lake:

`Class<?> k = Class.forName(aina);`
`Tukio t = (Tukio) gson.fromJson(data, k);`

Ukiangalia ni kodi nzuri, fupi, na ukiongeza klasi ya nne hugusi kitu chochote, inafanya kazi yenyewe. Mimi niliipitia kabla haijaunganishwa na nikaikubali, na nilikuwa na sababu zilezile.

Matoleo ya mwanzo ya apu hayakuwa yamebanwa. Kwenye toleo la 7 tukawasha `minifyEnabled`, mpangilio wa kubana apu, kwa sababu simu za makarani zilikuwa zimejaa na apu ilikuwa nzito, kwa hiyo R8 ikaanza kufanya kazi yake. Kwa asiyeijua, R8 ndiyo kifaa kinachokuja na Android Gradle Plugin tangu toleo la 3.4 mwaka 2019 badala ya ProGuard, inatupa kodi isiyotumika na inabadilisha majina marefu ya klasi na metodi kuwa herufi moja moja. Toleo la 7 hilohilo lilibadilisha pia muundo wa jedwali, kwa hiyo tuliwaomba makarani wote wafunge siku kwanza kabla ya kuapdeti. Foleni zikawa hazina rekodi inayosubiri, apdeti ikapita salama, na sisi tukaamini kubana hakuna madhara.

Kilichotokea, kwa mpangilio

Toleo la 8 lilikuja na klasi ya nne, `Hamisho`, ya maziwa yanayohamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Lilitoka Jumamosi asubuhi. Vituo vyenye mtandao mzuri vikaapdeti mchana, katikati ya siku, wakati rekodi za asubuhi bado ziko kwenye foleni zinasubiri karani afunge siku jioni.

Jioni siku zikafungwa. Usiku meseji zikatoka.

Jumapili asubuhi nikapewa namba ya mfugaji mmoja nimpigie, maana karani wake alishindwa kumjibu. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, halafu akasema hivi: "Maziwa yangu yamepimwa mbele yangu, karani kaandika kwenye daftari na kwenye kadi, lita 14. Sasa hii meseji inasema zimekataliwa zote. Nani kayakataa na mimi nilikuwepo?" Nikamwomba anipigie picha kadi yake kupitia kijana wake, ikaja, lita 14 zimeandikwa kwa mkono wa karani na sahihi ipo. Kwenye seva rekodi yake ilikuwa upande wa makataa, lita 14, na sehemu ya sababu haina kitu.

Hiyo sababu tupu ndiyo iliyonisimamisha. Fomu ya kukataa maziwa kwenye apu haikubali kuhifadhi bila kuchagua sababu. Kwa hiyo hiyo rekodi haikutoka kwenye fomu ya kukataa hata kidogo, ilitoka kwingine ikavishwa klasi isiyo yake njiani. Nikatafuta kwenye seva makataa yote ya Jumamosi yasiyo na sababu, yakawa mengi, kutoka vituo kadhaa, na vyote ni vituo vilivyoapdeti mchana.

Upande mwingine logi ya seva ilikuwa na makosa ya `Hamisho` lisilo na kituo cha kwenda, seva ilikuwa imeyakataa, wakati hakuna karani aliyekuwa ameanza kutumia hamisho. Pia kulikuwa na mapokezi ya lita 1, lita 2, ambayo hayaeleweki, nani analeta lita 1 kwenye keni.

Mwenzangu, kijana hodari sana, akafungua foleni kwenye simu ya majaribio yenye toleo la 7 na tukaona kwenye safu ya aina kumeandikwa `c.b.b`. Basi. Hapo ukaeleweka mchezo mzima. Tukatafuta `mapping.txt` za matoleo yote mawili, hilo ni faili ambalo R8 inaandika kila ikijenga, kuonyesha jina la asili limegeuzwa kuwa nini. Ya toleo la 7 (nimekata sehemu ya mwanzo ya pakiti, yaani jina la kundi la klasi):

`…foleni.Makataa -> c.b.a:`
`…foleni.Mapokezi -> c.b.b:`
`…foleni.Marekebisho -> c.b.c:`

Ya toleo la 8:

`…foleni.Hamisho -> c.b.a:`
`…foleni.Makataa -> c.b.b:`
`…foleni.Mapokezi -> c.b.c:`
`…foleni.Marekebisho -> c.b.d:`

Herufi zimesogea hatua moja kwa sababu kumeingia klasi mpya. Simu iliandika asubuhi "hii ni `c.b.b`" ikimaanisha mapokezi, mchana ikaapdeti, jioni ikasoma "`c.b.b`" na safari hii maana yake ni makataa. `Class.forName` haikulalamika kwa sababu klasi yenye jina hilo ipo. Gson nayo haikulalamika kwa sababu sehemu kubwa ya taarifa zinafanana, namba ya mfugaji ipo, lita zipo, muda upo, kilichokosekana ikakiacha tupu. Makataa ya kweli yakageuka hamisho, marekebisho yakageuka mapokezi, ndio zile lita 1 na lita 2.

Kama jina lingekuwa halipo kabisa, programu ingetupa `ClassNotFoundException`, apu ingeanguka, karani angepiga simu jioni ileile tukashtuka. Hapa programu iliendelea kama kawaida ikapeleka uongo.

Tulichoamua na kwa nini

Cha kwanza tulisimamisha hesabu za malipo upande wa seva na meseji za wafugaji, kabla hata hatujajua tunarekebishaje. Meneja wa ushirika hakufurahi maana siku ya malipo ilikuwa karibu, lakini tukamweleza wazi kwamba ukilipa kwa hizi rekodi utamnyima mtu haki yake na kesho utamfuata kumdai mwingine, akakubali.

Cha pili, kurudisha toleo la zamani. Wazo hili ndilo linakuja kichwani kwanza na tulilikataa. Simu zilikuwa tayari na rekodi za Jumapili zilizoandikwa na toleo la 8, ukirudisha kodi ya 7 zile nazo zitasomwa kwa majina ya 7, kosa lilelile kwa upande wa pili.

Mwenzangu akasema, "Kaka, si tuweke `-keepnames` kwenye hii pakiti tu, majina yasibadilishwe tena, tusonge?" Ni sawa, ile sheria ingezuia jambo hili kutokea kesho kwa njia hii. Lakini haifanyi chochote kwa rekodi ambazo tayari zimeandikwa `c.b.b`, na ikija siku mtu akahamisha klasi kwenye pakiti nyingine au akaibadilisha jina ili lisomeke vizuri, tunarudi palepale. Tukakubaliana jina la klasi litoke kabisa kwenye databesi. Kila klasi ikapewa metodi `aina()` inayorudisha neno la kudumu tulilolichagua sisi, "mapokezi", "makataa", "marekebisho", "hamisho", na upande wa kusoma kukawa na ramani ya neno kwenda klasi. Neno lisilojulikana linawekwa kando na karani anaonyeshwa, halibahatishwi.

Kazi ngumu ilikuwa kuzitafsiri rekodi za zamani. Foleni haikuwa na safu ya namba ya toleo, kwa hiyo ukiona `c.b.b` hujui imeandikwa na 7 au 8. Tulifikiria kutumia `lastUpdateTime` ya apu, yaani kilichoandikwa kabla ya saa ya apdeti ni cha 7 na cha baada ni cha 8, na tulikuwa tumeshaanza kuandika hivyo hadi mwenzangu akasema ngoja, toleo la 9 likiingia hiyo saa inabadilika kuwa ya toleo la 9. Kweli kabisa. Saa ya 8 ingekuwa imepotea kabla hatujaisoma, rekodi zote zingeonekana za zamani.

Tukageukia umbo la JSON yenyewe. Makataa lazima iwe na `sababu`. Marekebisho lazima iwe na `rekodi_asili`. Hamisho lazima iwe na `kituo_kwenda`. Mapokezi haina hata moja kati ya hizo. Fomu zinalazimisha hivyo kwa hiyo umbo halidanganyi. Ikawa umbo ndilo linaamua, halafu mapping zinatumika kuhakiki: rekodi yenye umbo la mapokezi lazima iwe imeandikwa `c.b.b` au `c.b.c`, ikiwa kitu kingine chochote isiguswe, ije kwa mtu.

Hiyo mapping ya toleo la 7 haikuwa kwenye kompyuta yetu yoyote, ukijenga upya inaandikwa juu ya ile ya zamani na hakuna aliyeiweka kando. Tuliipata Play Console, tovuti ya Google tunayopelekea apu, kwenye sehemu ya kupakua ya bando (App Bundle) la toleo hilo, maana ukipeleka apu kama bando faili hilo linakwenda nalo.

Matokeo

Toleo la 9 lilitoka Jumatano. Likifunguka mara ya kwanza linapita foleni yote, pamoja na rekodi zilizokwishatumwa, linatafsiri aina, na zile zilizokwenda njia mbaya linazituma upya. Hili liliwezekana kwa sababu mbili ambazo tulizikuta zipo tayari, namshukuru aliyeziweka: apu haifuti rekodi ikishatuma, inaitia alama na kuikalisha siku 30, JSON yake haijaguswa, na kila rekodi ina UUID yake, kitambulisho cha pekee, kwa hiyo seva iliweza kubatilisha ile ya makosa na kuingiza sahihi bila kuhesabu mara mbili.

Malipo yalichelewa siku mbili. Yule mama lita zake 14 zilirudi, nilimpigia mwenyewe kumwambia.

Kituo kimoja hatukukiweza kwa njia hii. Karani wake alipoona makosa ya hamisho alifuta apu akaiweka upya, jambo ambalo mtu yeyote angefanya, na foleni yake ikaenda na apu. Kile kituo tulikaa na daftari, karani anasoma upande wa pili wa simu, jina, lita, alama ya spiriti, mimi napiga, mwenzangu anahakiki, mpaka ukurasa ukaisha.

Uchambuzi

Swali la jina la klasi kwa kweli ni maswali mawili na watu wanayachanganya. La kwanza ni la binadamu: nataka kwenye logi nione hiki kilichoanguka ni kitu gani. Hapo `getName()` inatosha, hata likigeuka `c.b.b` unalirudisha kwa mapping. La pili ni la mashine: nataka nihifadhi aina ya kitu ili kesho, pengine programu nyingine, ikitambue. Hapo jina la klasi ni mkopo mbaya, kwa sababu lile jina ni la kodi na kodi inabadilika kila siku, wakati rekodi iliyolala kwenye simu haijui kwamba kodi imebadilika.

Na hata hilo jina la kwanza lina tabia zake kwenye kila lugha. Java, klasi ya ndani kwenye `getName()` inakuja na alama ya `$` katikati, klasi isiyo na jina inakuja na namba, na `getSimpleName()` yake inarudisha stringi tupu kabisa. C++ ni mbali zaidi, `typeid(x).name()` kila kompaila inajibu inavyotaka, GCC itakupa `8Mapokezi`, ile 8 ni idadi ya herufi, na ya Microsoft itakupa `class Mapokezi`. JavaScript una `constructor.name`, na ukipitisha kodi kwenye kifaa cha kubana kabla ya kuipeleka kwa wateja unapata hadithi hiihii ya herufi moja. Python `type(x).__name__` haibanwi, lakini pickle, njia yake ya kuhifadhi objekti, inahifadhi moduli na jina la klasi, kwa hiyo ukihamisha klasi kutoka faili moja kwenda jingine pickle za zamani hazifunguki. Laravel ya PHP nayo, mahusiano ya polimofiki (rekodi moja kuweza kuelekea klasi tofauti) yanaandika jina zima la klasi kwenye safu ya `_type`, ndio maana kuna `enforceMorphMap` ya kukulazimisha uweke neno lako. Ukiangalia hizi zote dawa ni ileile.

Kuna mahali palepale kwenye Android tungeweza kujifunza mapema. WorkManager, maktaba ya kuendesha kazi za nyuma ambayo tunaitumia wenyewe kwenye apu hii, inahifadhi jina la klasi ya mfanyakazi kwenye databesi yake ili ijue cha kuendesha baadaye. Inakuja na sheria zake za R8 za kulinda majina hayo. Walioitengeneza walijua hatari wakailipia, sisi tulikopa mbinu bila sheria.

Kuhusu majaribio, hakuna testi yetu iliyokuwa na nafasi ya kuliona hili. Kwenye simu zetu tunaendesha toleo la debug, lile la watengenezaji, halibanwi, majina ni yaleyale daima. Toleo la kweli tulilijaribu kwa kuliweka kwenye simu safi. Kosa linaishi katikati ya matoleo mawili tu, na hapo hapakuwa na mtu. Sasa kabla ya kutoa toleo tunaweka kwanza lililopo sokoni, tunazima mtandao, tunajaza rekodi za kila aina, tunaweka jipya juu yake, tunawasha mtandao, tunafunga siku, halafu tunahesabu upande wa seva. Inachukua kama nusu saa na inachosha.

Seva nayo ilikuwa mlegevu. Ilikataa hamisho lisilo na kituo, ikakubali makataa yasiyo na sababu, kwa sababu aliyeandika alijua fomu ya apu inalazimisha. Kama ingekataa vyote, tungejua Jumamosi usiku na yule mama asingepata meseji ya uongo. Hili linaniuma kuliko kosa la R8, maana ni mstari mmoja wa kodi.

Na dalili ilikuwepo. Logi zetu tangu toleo la 7 zilikuwa zimejaa `a`, `b`, `c` mahali palipokuwa na majina ya klasi, tuliziona, tukazoea, tukawa tunazitafsiri kwa mapping tukihitaji. Hatukujiuliza ni wapi kwingine kwenye kodi tunauliza jina hilohilo. Utafutaji wa `getClass()` kwenye mradi mzima ungetuonyesha ule mstari wa foleni kwa dakika moja.

Miezi michache baadaye mwenzangu alizihamisha klasi zote za foleni kwenda moduli mpya, pakiti ikabadilika jina. Testi ya apdeti ikapita, seva ikahesabu sawasawa, na kwenye logi tu ndiko herufi zilibadilika.